Fahamu mipira ya besiboli na softiboli inavyoshonwa

KATIKA vijiji vya mashariki ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, Vitongoji ikiwa miongoni mwao, mtoto anayetaka kucheza hangoji mpira uletwe kutoka dukani. Hukusanya matambara, soksi kuukuu na makaratasi, akayaviringa, akayakaza kwa kamba au uzi mpaka yakashikamana, na chandimu ikaanza. Dada zake nao hufunga mpira mdogo wa namna hiyo hiyo kwa ajili ya nage. Bila ya kufundishwa na mtu, watoto hao hufuata hatua zilezile tatu zinazofuatwa na viwanda vinavyotengeneza mipira ya besiboli: kuweka kiini, kuzungushia nyuzi kwa kukaza, kisha kuuvisha mzigo wote vazi la nje lisilofumuka.

Makala haya yanaeleza namna mipira ya besiboli na softiboli inavyoundwa na kushonwa, majaribio yaliyofanywa ya kuiboresha, na mambo ambayo skuli au klabu ya mwambao inapaswa kuyajua kabla ya kununua, kutunza au kushona mpira wake yenyewe. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tofauti isiyofika nusu milimita katika kimo cha mshono imewahi kubadili matokeo ya ligi nzima, na siri kuhusu ugumu wa mpira imewahi kumng'oa kiongozi mkuu wa besiboli ya Japan katika kiti chake.

Mchezo ulivyoingia Tanzania

Besiboli ilianza kufundishwa kwa mpango maalumu katika shule za Tanzania Bara mwaka 2012, kwa juhudi za Shinya Tomonari, Mjapani aliyekuwa mtumishi wa shirika la misaada la nchi yake, JICA, na ambaye kabla ya hapo alikwisha kuueneza mchezo huo nchini Ghana. Chama cha Besiboli na Softiboli Tanzania, TaBSA, kilichukua jukumu la kuusimamia. Mashindano ya shule yakapewa jina la Koshien, kwa kufuata uwanja maarufu wa Japan uliofunguliwa mwaka 1924, ambako wanafunzi wa sekondari wa nchi hiyo hushindana kila mwaka. Mwaka 2018 ukazinduliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam.

Jirani zetu wa Uganda walitangulia kupata sifa ya kimataifa. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda ilirejea katika mashindano hayo.

Hata hivyo, kikwazo kimoja kimekuwa kikijirudia kila mchezo huu unapotaka kuota mizizi: vifaa. Mpira wa miguu mmoja hutosha wachezaji 22 kwa miezi kadhaa. Mpira wa besiboli hupigwa kwa gongo, hukwaruzwa na changarawe, hulowa, hufumuka na hupotea vichakani. Katika ligi kuu ya Marekani hutumika takriban mipira 100 katika mechi moja. Skuli ya kijijini haiwezi kuota anasa hiyo, ndiyo maana kuujua muundo wa mpira ni sehemu ya kuuendeleza mchezo wenyewe.

Kiini na nyuzi

Mpira wa besiboli unaotumika katika ligi kuu ya Marekani una uzito wa kati ya gramu 142 na 149, na mzingo wa kati ya sentimita 22.9 na 23.5. Ndani kabisa mna kiini kidogo chenye mchanganyiko wa mpira na gamba la ule mti unaotumika kutengenezea vizibo vya chupa. Kiini hicho hufunikwa kwa matabaka mawili ya mpira, moja jeusi na jingine jekundu.

Gamba hilo la vizibo lilianza kutumika katika ligi kuu mwaka 1910. Kabla ya hapo kiini kilikuwa cha mpira mtupu, na katika siku za mwanzo kabisa za mchezo, karne ya 19, kila fundi alijiwekea alichokuwa nacho. Mipira ya wakati huo ilitofautiana kwa ukubwa, uzito na mdundo kiasi kwamba timu mwenyeji iliweza kuchagua mpira unaoifaa.

Juu ya kiini huzungushwa uzi wa sufu kwa mashine katika matabaka matatu. La kwanza lina urefu wa mita 110 hivi, la pili mita 41, na la tatu mita 48. Kisha hufuata takriban mita 137 za uzi mwembamba wa pamba iliyochanganywa na nyuzi za viwandani, ambao kazi yake ni kuufanya uso uwe laini. Jumla yake inakaribia mita 337, yaani uzi unaoweza kuzunguka uwanja wa mpira wa miguu karibu mara moja.

Sufu imechaguliwa kwa sababu moja kubwa: hurudi katika umbo lake. Gongo linapoupiga mpira, mpira hubonyea kwa muda mfupi sana kisha hujirudisha. Uzi usiokuwa na tabia hiyo ungebaki umebonyea, na mpira ungekuwa na upande bapa baada ya mapigo machache. Mkazo wa kuzungushia nao una maana yake. Ukikazwa zaidi mpira huwa mgumu na huruka mbali. Ukilegezwa huwa mwepesi kidogo na mdundo wake hupungua. Viwanda hupima mdundo huo kwa kuurusha mpira kwenye ukuta mgumu na kulinganisha kasi ya kurudi na kasi ya kwenda. Kwa ligi kuu ya Marekani uwiano unaokubalika ni kati ya 0.514 na 0.578.

Ngozi na mishono 108

Baada ya nyuzi, tufe hupakwa gundi na kuvishwa vipande viwili vya ngozi vinavyofanana kila kitu. Kila kipande kina umbo la namba nane yenye kiuno kipana. Kimoja kikilazwa huku na kingine kule, mabapa ya kimoja hukalia kiuno cha mwenziwe, na tufe zima hufunikwa bila ya kukunjamana. Kabla ya umbo hilo kuenea katika karne ya 19, mipira mingi ilivishwa kipande kimoja kilichokatwa pembe nne, mithili ya ganda la chungwa lililomenywa.

Kwa miaka mingi ngozi iliyotumika ilikuwa ya farasi. Uhaba wa ngozi hiyo uliifanya ligi kuu ihamie katika ngozi ya ng'ombe mwaka 1974. Ngozi hiyo husindikwa kwa shabu, ambayo huipa weupe wake, kisha huchaguliwa kwa uangalifu, kwani alama ya kuumwa na mdudu au kovu la mwiba hutosha kukataliwa kipande kizima.

Ngozi hufika kwa mshonaji ikiwa imekwisha kutobolewa matundu na ikiwa na unyevu. Unyevu huo una kazi: ngozi mbichi hunyumbulika wakati wa kushona, na ikikauka hunywea na kuubana mpira. Mshonaji huushika mpira kwa kibanio kilicho mbele yake, mithili ya jiliwa la seremala, na hutumia sindano mbili na uzi mwekundu uliopakwa nta wenye urefu wa takriban sentimita 223. Kila sindano huingia upande wake, nyuzi zikapishana, na mikono yote miwili ikavuta kwa mpigo mmoja kuelekea nje. Mishono huwa 108 ya jozi, yaani mipigo 216. Mshono wa kwanza na wa mwisho hufichwa ndani ili kusiwe na fundo linaloonekana.

Kazi hiyo humchukua mshonaji hodari takriban robo saa kwa mpira mmoja. Ukimalizika, mpira hupitishwa katika kinu cha kuubingirisha ili mishono ilale na kulingana, kisha hupimwa uzito na mzingo.

Msomaji wa mwambao hatashangazwa na kazi hiyo ya sindano na kamba. Mitepe ya Lamu na visiwa vya jirani ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, na ikabeba mizigo baharini kwa karne nyingi. Kanuni ni moja: mshono wenye nguvu ni ule unaogawa mzigo sawasawa katika kila tundu. Tundu moja likibeba zaidi ya wenzake, ndilo linaloachia, na yaliyobaki hufuata.

Softiboli na sufi

Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, pale vijana waliokuwa ndani ya ukumbi walipoifunga glavu ya ndondi ikawa mpira na kuipiga kwa fimbo. George Hancock, aliyekuwa miongoni mwao, ndiye aliyeandika kanuni za mwanzo. Kwa kuwa mchezo ulianzia ndani ya jengo, mpira ulihitajika kuwa mkubwa na usioruka mbali.

Mpira rasmi wa leo una mzingo wa takriban sentimita 30.5 na uzito wa kati ya gramu 178 na 198. Upo pia mpira mdogo zaidi, wa sentimita 28 hivi, unaotumiwa na watoto na katika baadhi ya mashindano. Licha ya jina lake kumaanisha ulaini, mpira huo ni mgumu wa kutosha kuvunja kidole.

Kanuni za softiboli zinaruhusu kiini cha aina tatu: mchanganyiko wa gamba la vizibo na mpira, povu gumu la kemikali, au sufi ndefu ya daraja la kwanza. Aina hii ya tatu inapaswa kumvutia msomaji wa Pemba. Sufi hiyo ndiyo ile ile inayotoka katika maganda ya msufi na kujazwa katika mito na magodoro ya mwambao. Kwa miongo mingi mipira ya softiboli ilitengenezwa kwa sufi iliyoshindiliwa katika kalibu mpaka ikawa tufe gumu, kisha ikazungushiwa uzi. Siku hizi viwanda vingi vimehamia katika povu la kemikali kwa kuwa hutoa mipira inayolingana zaidi na haipotezi umbo haraka.

Kanuni hizo pia zinataka ngozi ya farasi au ya ng'ombe, au mbadala wake wa viwandani, igandishwe kwa gundi na kushonwa kwa sindano mbili, kwa uzi wa pamba au kitani uliopakwa nta, mishono isipungue 88 katika kila kipande kwa mpira wa kawaida. Mdundo nao umewekewa kikomo. Mipira mingi hupigwa muhuri wa 0.44 au 0.47, maana yake ni kwamba mpira ukigonga ukuta hurudi kwa asilimia 44 au 47 ya kasi uliyokwenda nayo. Vikomo hivyo viliwekwa zaidi kwa ajili ya usalama, kwa sababu mrushaji wa softiboli husimama karibu sana na mpigaji.

Kimo cha mshono na umbali wa mpira

Mshono haushikilii ngozi peke yake. Huutawala pia mwendo wa mpira hewani. Mpira unaozunguka huburuta tabaka jembamba la hewa, na mishono huivuruga hewa hiyo. Mrushaji anayejua kuishika mishono kwa vidole vyake huufanya mpira upinde kushoto, kulia au chini. Mshono ukiwa juu, upinzani wa hewa huwa mkubwa na mpira huishiwa nguvu mapema. Ukiwa chini, mpira huteleza na kwenda mbali.

Ushahidi ulio wazi ulitokea katika vyuo vikuu vya Marekani. Hadi mwaka 2014 vyuo hivyo vilitumia mpira wenye mshono wa kimo cha takriban milimita 1.2. Upigaji ulipodorora, vikaamua kuhamia mwaka 2015 katika mshono wa milimita 0.8. Vipimo vya maabara vilionesha kuwa mpira wa mshono wa chini ulifika wastani wa mita 118 ilhali ule wa mshono wa juu ulikomea mita 112, yote miwili ikiwa imerushwa kwa namna moja. Mita sita zilipatikana bila ya kubadili kiini, uzi, wala gongo.

Katika ligi kuu ya Marekani jambo kama hilo lilijitokeza bila ya kutangazwa. Mipigo inayovuka uzio iliongezeka kutoka 4,186 mwaka 2014 hadi 6,105 mwaka 2017, ikafika 6,776 mwaka 2019. Kamati ya wanasayansi 10 iliyoongozwa na Alan Nathan, profesa mstaafu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois, ilieleza mwaka 2018 kuwa sababu kubwa ilikuwa kupungua kwa upinzani wa hewa, na kwamba mdundo haukuwa umebadilika. Ripoti ya pili ya Desemba 2019 ilisema asilimia 60 ya ongezeko la mwaka huo ilitokana na mpira na asilimia 40 na mabadiliko ya namna wachezaji wanavyopiga. Kimo cha mshono kilieleza takriban asilimia 35 ya tofauti za upinzani wa hewa kati ya mpira na mpira.

Mtafiti mwingine, Meredith Wills, mtaalamu wa fizikia ya nyota ambaye pia ni fundi wa kufuma, alichukua njia rahisi zaidi: aliifumua mipira. Mwaka 2018 alieleza kuwa uzi wa mishono katika mipira ya miaka ya karibuni ulikuwa mnene kwa asilimia 9 kuliko wa mipira ya zamani. Uzi mnene hutanuka kidogo ngozi inapokauka, na mpira hubaki mviringo zaidi. Mwaka 2021 aligundua kuwa aina mbili za mipira zilitumika katika msimu mmoja, na ligi ikakiri, ikisema janga la korona lilivuruga uzalishaji.

Siri iliyomwangusha kiongozi

Kisa cha Japan kinafundisha zaidi. Mwaka 2011 ligi ya kulipwa ya nchi hiyo ilianza kutumia mpira wa aina moja uliotengenezwa na kampuni ya Mizuno, wenye mdundo mdogo. Mipigo inayovuka uzio ikaanguka kutoka 1,605 mwaka 2010 hadi 939 mwaka 2011. Mwaka 2013 mipigo ikapanda ghafla tena na kufika 1,311. Wladimir Balentien alipiga 60 mwaka huo na kuivunja rekodi ya 55 iliyowekwa na Sadaharu Oh mwaka 1964.

Kwa miezi kadhaa viongozi walisema mpira haujabadilishwa. Mwezi Juni 2013 ikabainika kuwa ulibadilishwa kwa siri na kampuni ikatakiwa kunyamaza. Kamishna wa ligi, Ryozo Kato, alisema yeye mwenyewe hakujua, lakini alilazimika kutangaza kujiuzulu mwezi Septemba.

Hakuna aliyelalamika kwamba mpira ulikuwa mbaya. Malalamiko yalikuwa kwamba warushaji, ambao mikataba yao hutegemea takwimu zao, walipimwa kwa mizani iliyochezewa bila ya wao kuambiwa. Mpira ni mizani. Anayeibadili anapaswa kuwaambia wanaopimwa.

Usalama wa mpigaji

Tarehe 16 Agosti 1920, Ray Chapman wa timu ya Cleveland alipigwa kichwani na mpira huko New York, akafariki siku iliyofuata. Wakati huo mpira mmoja ulitumika mpaka ukawa mweusi kwa tope, mate na tumbaku, na iliaminika kuwa Chapman hakuuona ukija. Baada ya msiba huo waamuzi walitakiwa kuutoa mpira mchafu uwanjani mara moja. Kofia ngumu za kukinga kichwa zilichelewa kwa miongo kadhaa zaidi.

Kwa upande wa watoto, suluhisho zuri lilitoka Kyoto mwishoni mwa muongo wa 1910, ulipobuniwa mpira wa besiboli ulioundwa kwa mpira mtupu, wenye uwazi ndani na usio na ngozi wala uzi. Alama za mishono zilichongwa juu yake ili vidole vipate pa kushika. Mpira huo ni wa bei nafuu, hauogopi mvua, na haumuumizi mtoto kama ule wa ngozi. Mamilioni ya Wajapani wamejifunza mchezo kwa mpira huo, na umeboreshwa mara kwa mara. Toleo jipya la watu wazima lilianza kutumika mwaka 2018.

Mikono inayoshona

Mipira ya ligi kuu ya Marekani hushonwa Turrialba, mji wa milimani nchini Costa Rica, katika kiwanda cha kampuni ya Rawlings, ambayo imekuwa mtengenezaji pekee wa mipira ya ligi hiyo tangu mwaka 1977. Kabla ya hapo mipira mingi ilishonwa Haiti. Mwaka 2018 ligi yenyewe iliungana na wawekezaji na kuinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 395.

Mpaka leo hakuna mashine iliyoweza kuchukua nafasi ya mikono hiyo. Majaribio yamefanywa tangu katikati ya karne ya 20, mengine na kampuni kubwa za mashine za viatu, yakashindwa. Ngozi haifanani kipande kwa kipande: huu hunyumbuka, ule hukaza. Mkono wa mshonaji huhisi tofauti hiyo na kurekebisha mvuto papo hapo. Mashine huvuta kwa nguvu ile ile na kuchana tundu.

Hata hivyo, ustadi huo haukulipwa kwa kadiri yake. Gazeti la The New York Times liliandika mwaka 2004 kuwa mshonaji wa Costa Rica alipata takriban senti 30 za Marekani kwa mpira uliouzwa dola 15 hivi. Kuvuta uzi mamia ya mara kwa saa huumiza vifundo, mabega na macho.

Kisa kingine cha kukumbukwa ni cha Sialkot, Pakistan, mji unaoshona sehemu kubwa ya mipira ya miguu ya duniani. Kazi ilipokuwa ikipelekwa majumbani, watoto walishona pamoja na wazazi wao na kukosa masomo. Ulimwengu ulipopaza sauti, wenye viwanda, Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walitia saini makubaliano huko Atlanta mwezi Februari 1997 ili kuwaondoa watoto katika kazi hiyo. Yeyote anayefikiria kuanzisha ushonaji wa mipira vijijini, iwe Pemba au kwingineko, aanze na funzo hilo: kazi ifanyike mahali panapoonekana, na malipo yahesabiwe kabla ya sindano ya kwanza.

Unyevu na utunzaji

Ngozi na sufu hunywa maji ya hewani. Mpira uliokaa katika unyevu huongezeka uzito na hupungua mdundo. Uliokaa katika ukavu huwa mgumu na hupaa. Mji wa Denver, Marekani, ulio juu milimani na wenye hewa kavu, ulianza mwaka 2002 kuhifadhi mipira katika chumba chenye unyevu usiobadilika, na mwaka 2022 utaratibu huo ukaenezwa katika viwanja vyote 30 vya ligi kuu.

Pemba ina tatizo la kinyume. Hewa ya kisiwa hicho ina unyevu mwingi, na wakati wa masika ngozi huota kuvu, uzi wa pamba huoza na gundi huachia. Skuli yenye mipira michache inaweza kurefusha maisha yake kwa kufuata mambo yafuatayo:

Kwanza, mpira uliolowa ufutwe kwa kitambaa kikavu na uanikwe kivulini penye upepo. Jua kali hukausha ngozi haraka mno na kuipasua kandokando ya matundu.

Pili, mipira isihifadhiwe sakafuni wala ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Kikapu cha ukili kilichotundikwa ni bora kuliko sanduku la bati.

Tatu, mipira ya ngozi itengwe kwa ajili ya mechi, na mazoezi yafanywe kwa mipira ya mpira mtupu au yenye ngozi ya viwandani.

Nne, uzi ukikatika, mpira usiendelee kupigwa. Fundi viatu mwenye sindano mbili, uzi imara na nta ya nyuki anaweza kuurudishia mishono iliyofumuka, akitumia matundu yale yale ya zamani bila ya kutoboa mapya.

Yanayowezekana nyumbani

Malighafi nyingi za mpira wa softiboli zinapatikana Tanzania. Misufi ipo visiwani na Bara. Pamba hulimwa kanda ya Ziwa. Ng'ombe ni wengi, na ngozi zao mara nyingi huuzwa bila ya kusindikwa. Kaskazini ya Pemba, karibu na msitu wa Ngezi, kuna mashamba ya miti ya mpira. Kuhusu mikono, visiwa vinavyoshona kofia zenye matundu mamia, kila moja likizungushiwa uzi kwa subira, havikosi mafundi.

Kinachohitajika zaidi ni vipimo. Mpira wa kushonwa nyumbani hauwezi kuingia katika mashindano rasmi mpaka uidhinishwe, lakini unaweza kufaa kwa mazoezi na mechi za skuli iwapo yote inalingana. Vifaa vya kupimia ni vya kawaida: mizani ya duka kwa uzito, utepe wa fundi cherehani kwa mzingo, na ukuta wenye alama ya mita mbili. Mpira uangushwe kutoka kwenye alama hiyo juu ya sakafu ya saruji, na kimo unachorudi kilinganishwe na cha mpira wa kiwandani. Ule unaozidi usitumiwe na watoto, na unaopungua ufunguliwe uzungushiwe upya.

Kwa skuli ambazo hata mpira mmoja ni mzigo, lipo tawi jipya la mchezo, Besiboli5, lililoanzishwa na shirikisho la dunia la besiboli na softiboli, WBSC. Huchezwa na watu watano kila upande, bila ya gongo wala glavu, kwa mpira mwepesi unaopigwa kwa mkono. Mchezo huo umewekwa katika programu ya Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na Kenya ni miongoni mwa nchi za ukanda wetu zinazoucheza. Besiboli na softiboli zenyewe zimepangwa kurejea katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028.

Kwa mwalimu wa michezo mwenye bajeti ndogo, mpangilio wa busara ni huu: aanze na mpira mwepesi wa Besiboli5, aingie katika mpira mtupu wa mtindo wa Japan wanafunzi wanapozoea kudaka, na aupeleke ule wa ngozi uwanjani pale tu atakapokuwa na kofia za kukinga kichwa za kuwatosha wapigaji. Kabla ya kila mechi aupitishe kidole mshono wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale kidole kinapokwama, hapo ndipo mpira utakapofumuka.